Pumzi ya Mkono

Mpira ukizeeka hutoa harufu yake ya pekee: kuna utamu ndani yake, kuna moshi, na nyuma kabisa kuna kitu kama unga uliovunda. Harufu hiyo ilinipata nikiwa nimepiga magoti mbele ya sanduku la bati la marehemu baba, katika nyumba yetu ya Kaloleni, Voi, siku tulipokuwa tukitenganisha vitu vya kugawa na vitu vya kutupa. Mkono wangu ulikitambua kitu hicho kabla ya macho. Ilikuwa pampu ndogo ya upepo, isiyofika urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, yenye mpira mfupi mweusi na kisaa cha mshale kama cha mkononi. Binti yangu aliichukua, akaivuta na kuisukuma, akasikiliza.

"Imekufa hii, Mama," akasema, akainyoosha kuelekea rundo la kutupa.

 Nilimwomba anirudishie, nikakaa nayo mapajani.

Wanaonijua wananijua kwa ukali. Kanisani nikisikia tangazo lililosomwa kwa ngeli zilizovurugika, huwa siungoji mwisho wa ibada nimtafute aliyelisoma. Mtu akisema mbele yangu kwamba kiti "amevunjika", chakula hunishinda. Nimesoma vya kutosha kuamini kwamba lugha ikilegea, mawazo hulegea nayo, na anayeona uvivu kukiita kitu kwa namna yake ataona uvivu pia kumtendea mtu kwa haki yake. Hayo nimeyasema mara nyingi na nitayasema tena. Hata hivyo lipo kosa moja la ngeli ambalo sijawahi kulisahihisha wala sitaki lisahihishwe, na chanzo chake ni pampu hii.

Baba alikuwa bwana mifugo. Leo angekuwa Maungu akichanja ng'ombe wa watu wa njia kuu, kesho angekuwa milimani akiangalia mbuzi wa nyumba moja tu. Pikipiki aliyoitumia ilikuwa yake mwenyewe, aliyoinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akichunguza wanyama mbugani na ambaye alikuwa akirudi kwao. Pikipiki nyingi tulizozijua zilitegemea springi peke yake. Hii ilikuwa na springi na upepo: juu ya kila shokomzoba ya mbele palikuwa na kimdomo cha kutilia hewa, kama kile cha gurudumu, chenye kifuniko chake. Upepo ukiwamo, pikipiki ilipita juu ya mashimo kwa upole. Ukiisha, ilidunda.

Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua mambo mawili tu: kwamba pikipiki ya baba ilikuwa na sauti nzito kuliko zote Kaloleni, na kwamba nyanya yangu wa Wusi, mama yake baba, alikuwa mgonjwa.

Ugonjwa wake ulikuwa pumu. Nyumba yake ilikaa juu sana, mahali ambapo ukungu huingia jikoni bila kubisha hodi na kukutana na moshi wa kuni. Daktari wa Voi alikuwa amesema wazi kwamba mama huyu atolewe mlimani kabla ya msimu wa baridi, akae kwenye joto la chini karibu na matibabu. Nyanya alikataa. Magari yalisimama mbali, chini ya mlima, na ndani yake watu walivuta sigara. Pikipiki nayo alikuwa ameijaribu. Mara ya mwisho baba alipomteremsha, kila shimo la barabara lilipanda kutoka gurudumuni hadi kifuani mwake, na walipofika Mwatate ilibidi akalishwe kando ya njia, akiitafuta pumzi kwa mikono yote miwili kama mtu aliyeangusha kitu gizani. Aliporudishwa kwake alisema, "Pikipiki hiyo inanipiga. Sipandi tena." Na nyanya yangu hakuwa mwanamke wa kusema jambo mara mbili.

Jioni moja nilimsikia mama akimwambia baba, huku akipepeta mchele, "Baridi hii ikimkuta huko juu, hatatoka."

 Mimi nilidhani wanazungumzia mlango. Akilini nilimwona nyanya amefungiwa ndani na ukungu umeegemea mlango kwa nje, na usiku ule sikupata usingizi upesi.

Baada ya siku chache baba alinipeleka kwa fundi. Fundi Mutua alikuwa Mkamba mnene aliyetengeneza pikipiki na jenereta chini ya mabati karibu na reli, na alikuwa na tabia moja: kila chombo kilichofika kwake alikigeuza kuwa mtu. Lori lilikuwa mzee. Baiskeli ilikuwa kijana. Pikipiki ya baba, kwa kuwa ilikwisha kukaa na mmiliki wa kwanza kabla ya kuja kwetu, aliiita mama. Nilikaa juu ya gurudumu kuukuu nikila njugu, na haya ndiyo niliyoyasikia.

"Bwana Mifugo, huyu mama usimlaumu," alisema Mutua akiwa amechuchumaa. "Pumzi imemwisha. Ako na mapafu mawili hapa kwa kifua, na yote ni matupu. Hii ya kushoto ndiyo mbaya zaidi, inavujavuja. Sasa akipita kwa shimo, si ataumia mpaka mgongo?"

"Nimpeleke pale kwa petroli wamjaze?" baba akauliza.

"Uko na wazimu wewe? Ile kompresa ya malori? Utampasua kifua! Huyu anataka pumzi kidogo, pumzi ya mkono, pole pole, ukiangalia mshale. Tafuta pampu ndogo. Ukimpatia hiyo, atashuka huko Wusi akiimba."

Dereva wa lori aliyekuwa akingoja zamu yake akacheka. "Bwana Mifugo, wewe ni daktari wa punda. Si upande punda!"

"Punda anauma," baba akasema. "Huyu hajawahi kuniuma."

Sikucheka.  Juma lile mwalimu alikuwa amechora ubaoni kifua cha binadamu, akatuonyesha mapafu mawili, moja kulia, moja kushoto. Nyumbani baba alimwita nyanya "Mama", na hakumwita kwa jina lingine lolote. Na kwa mtoto aliyelelewa katika Kiswahili cha Voi, ambacho hakijali sana kama kitu ni mtu au si mtu, hapakuwa na herufi hata moja ya kunionya. Pumu, pumzi, pampu: maneno hayo yalikaa kichwani mwangu kama ndugu wa tumbo moja. Niliona ajabu tu kwamba Mutua alijua habari za kifua cha nyanya bila kupanda Wusi. Lakini watu wazima walijua mambo mengi bila kuyaendea.

Duka la Mzee Hemed lilikuwa mjini, karibu na msikiti. Watu wake walitoka pwani zamani, naye alisema Kiswahili kilichonyooka hata mtoto alijirekebisha kukaa mbele yake. Aliuza misumari, taa, minyororo ya baiskeli, na nyuma ya pazia alikuwa na vipuri. Baba alimweleza shida kwa maneno ya Mutua, kwa kuwa yalimfurahisha: kwamba huyu mama kifua kimekosa pumzi. Mzee Hemed aliyapokea maneno hayo kwa tabasamu na kuyaendeleza. Aliweka pampu tatu juu ya meza.

"Hii ya mguu," alisema, "ni ya motokaa. Waikanyaga, basi. Yajaza magurudumu, yajaza mpira wa watoto, yajaza kila kitu. Kwa nyumba, hii ndiyo yenye faida."

Baba aliipenda. Niliona kwa jinsi alivyoikanyaga. Ilitoa mkoromo mkubwa, na vumbi la mezani likaruka. Nilishika suruali yake.

"Baba, hiyo itampasua."

Wote wawili wakanitazama.

"Maneno ya fundi hayo," baba akamwambia Mzee Hemed, akiona fahari.

"Na ni kweli tupu," akasema mzee. "Bwana Mifugo, binti yako ana akili. Ukanyagaji mmoja wa ziada, sili zake za kuzuia upepo zatoka. Haya, mwanangu, na hii je?" Akaniinulia pampu ndefu ya baiskeli.

Nilimwuliza itajuaje kwamba nyanya ameshiba. Nakumbuka nilisema "ameshiba" tu, bila kumtaja, kwa kuwa sote tulijua tunamzungumzia nani.

"Haijui," akasema Mzee Hemed. "Haina saa. Tena ina aibu nyingine: kifua cha mama huyu ni kidogo, chachukua upepo haba. Hii ukiichomoa, wote uliompa watoka nayo. Utapampu hadi Magharibi, naye yu vile vile." Halafu akaishika ile ndogo, akaupitisha mpira wake kati ya vidole. "Hii ndiyo yake. Mdomoni yaingia kwa kuzungushwa, yashika, haichomoki ovyo. Na mshale huu wakwambia alipofika."

"Inaingia mdomoni?"

"Mdomoni, ndiyo. Waingia wapi upepo ila mdomoni?"

"Atasikia uchungu?"

Mzee Hemed aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na yangu. Sijui aliona nini usoni pangu, lakini aliacha kutabasamu. "Hasikii kitu, mwanangu. Atatulia kama bibi arusi."

Nikaomba nijaribiwe mimi kwanza. Aliuelekeza mpira shavuni pangu, akasukuma pole pole. Hewa ilikuwa ya baridi, laini, na ilinuka mpira mpya, na nikawaza kwamba nyanya ataipenda, kwa sababu haikuwa na moshi hata kidogo. Baba alikuwa bado ameishika ile ya mguu. Ile ndogo ilikuwa ghali kuliko zote. Tena ilikuwa pampu ya kazi moja tu, isiyoweza kusaidia kitu kingine nyumbani.

"Baba," nikasema, "hii ni yake peke yake."

Nimewaona watu wengi tangu siku hiyo wakichagua vitu, na karibu wote huchagua kile kinachofaa kidogo kwa kila jambo. Baba aliniangalia, akaangalia zile pampu, akaiachilia ile ya mguu. "Haya, Wakesho," akasema. "Iwe yake."

Tulipanda Wusi asubuhi iliyofuata. Kabla sijaamka baba alikuwa amekwisha kuitumia pampu na kuifuta, kwa hiyo nilipoikuta mezani niliamini haijaguswa. Niliifunga ndani ya leso na kuipakata njia nzima. Pikipiki ilipita juu ya mashimo bila kelele, lakini sikutia maanani. Nilikuwa nikijizoeza kichwani jinsi ya kusukuma pole pole. Tulipofika juu, ukungu ulikuwa umesimama mlangoni hasa kama nilivyouona akilini usiku ule. Nikaruka chini kabla baba hajazima injini.

Nyanya alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka. Kwake tulizungumza Kidawida, lugha ya mlimani kwetu. Maneno yetu nayaandika hapa kwa Kiswahili kwa ajili yenu.

"Nyanya," nikasema, "fungua mdomo."

"Kuna nini mdomoni mwangu?"

"Tumekuletea pumzi. Ni ya mkono, haiumi, mimi nimejaribiwa. Fundi Mutua amesema mapafu yako yote mawili ni matupu, lakini hili la kushoto linavuja."

Nyuma yangu nilisikia baba akivuta hewa. Nikageuka. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, na uso wake ulikuwa ukipita katika hali ambazo sikuwahi kuziona: kwanza kama mtu aliyepigwa, halafu kicheko kikaanza kumpanda kutoka tumboni hata akashika mwimo wa mlango. Alitaka kusema kitu. Nyanya alimwinulia kiganja.

"Wewe nyamaza," akamwambia. Kisha akanigeukia mimi, bila dalili yoyote ya mzaha. "Huyo Mutua amejuaje kwamba ni la kushoto?"

"Aliangalia."

"Ni kweli ni la kushoto," akasema nyanya. "Lete."

Aliupokea mpira ule mweusi kwa vidole vyake vilivyopinda, akaugeuzageuza, akauelekeza kwenye midomo yake iliyokuwa wazi kidogo, akafumba macho. Nikasukuma. Nilisukuma kwa uangalifu kuliko jambo lolote nililopata kulifanya, nikiutazama mshale, ambao haukusogea hata kidogo. Kila nilipovuta, nyanya alitoa pumzi. Kila niliposukuma, aliivuta. Sikumfundisha. Mabega yake yakaanza kupungua kasi. Nje ng'ombe wa jirani alilia, na baba, aliyekuwa anacheka, hakuwa anacheka tena. Alikuwa amegeuza uso kwenye ukungu.

"Imeingia," nyanya akasema. Akakaa kidogo. Halafu akashika kigoda na kuinuka. "Mwite shangazi yako hapo nyumba ya pili afunge mlango huu. Nipeni leso zangu."

"Mama," baba akasema, "unakwenda wapi?"

"Si ulikuwa unataka nishuke? Mwaka mzima umenibembeleza kwa maneno ya daktari. Huyu amepanda mlima na kitu mkononi. Kama wamefika mahali pa kunihesabia mapafu, nitakaa hapa nikifanya nini?"

Pikipiki haikututosha watatu na mzigo wa nyanya, kwa hiyo mimi nilibaki na shangazi hadi baba arudi. Nyanya alipanda nyuma ya mwanawe, na shangazi akawazungushia leso wote wawili kiunoni na mgongoni, akaifunga fundo mbele ya tumbo la baba, kwa namna ile ile mtoto anavyofungwa mgongoni. Baba alitulia akafungwa. Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akimbeba mama yake, na niliona haya kidogo kwa niaba yao. Nyanya alikuwa ameishika pampu kifuani.

Walipoanza kuteremka niliitazama pikipiki kwa mbele ilipopinda kona ya kwanza. Gurudumu liliingia shimoni, shokomzoba zikashuka taratibu, zikapanda taratibu. Shimo lingine: zikashuka, zikapanda. Nyanya hakupigwa. Niliendelea kutazama hata ukungu ulipowafunika, kisha nikabaki nikisikiliza injini ile nzito mpaka na yenyewe ikaisha.

Alikaa kwetu Kaloleni msimu wote wa baridi. Daktari alimpa dawa, na joto la Voi likafanya lile lililobaki. Kila jioni, kabla ya kulala, alinyoosha mkono na kusema, "Wakesho, pumzi yangu," nami nikampa. Hivi ndivyo ilivyokuwa hadi siku nilipotoka shule nikamkuta Mutua uani, amechuchumaa mbele ya pikipiki, amezungusha mpira wa pampu yetu katika kimdomo cha shokomzoba ya kushoto, na mshale unapanda.

"Hiyo ni ya nyanya!" nikapiga kelele.

"Ya nyanya gani?" Mutua akauliza kwa mshangao. "Si ni ya huyu mama?" Akaipapasa pikipiki.

Nilisimama pale na mkoba wangu. Yote yalinijia kwa mpigo mmoja, tangu njugu hadi bibi arusi, na masikio yakawaka moto. Nikaingia ndani. Nyanya alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo.

"Nyanya, ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba pampu ni ya pikipiki."

Alitupa jiwe dogo nje ya mlango. Alipumua bila haraka, kama mtu asiye na sababu ya kupumua kwa haraka. "Mimi nilijua ni yangu," akasema, akaendelea kuchambua.

Siungi mkono watu wazima wanaowadanganya watoto, hata kwa upendo. Nimeliandika jambo hilo na nimegombana na wazazi kwa ajili yake. Nimeyachunguza maneno ya nyanya miaka yote hii, kwa jicho lile lile ninalowachunguzia wengine, nikitafuta uongo ulipo. Sijauona. Ile pampu ilinunuliwa ili aweze kushuka mlimani akiwa hai, na alishuka, na aliishi mpaka nikawa mrefu kuliko yeye. Pikipiki iliuzwa baadaye. Pampu baba aliibakiza, ingawa haikuweza kusaidia kitu kingine chochote nyumbani.

"Mama?" binti yangu aliniita. Alikuwa bado amesimama kando ya rundo, mkono tayari. "Nimesema imekufa. Niitupe?"

Niliuvuta mpini, ambao ulikuwa mkavu na mgumu, nikauelekeza mpira shavuni, nikasukuma pole pole. Kilichotoka kilikuwa haba sana, cha baridi, chenye harufu ya mpira uliozeeka.

"Hajafa," nikamwambia.

Alinitazama, akingoja nijisahihishe.